Ufunguo wa Tatu wa Wattoosa

Rafu ya nne ilikuwa tupu.

Mlango wa chumba cha nyaraka haukuvunjwa. Kufuli halikuwa na mkwaruzo. Katika vumbi la rafu zilibaki alama tisa safi, kila moja na upana wa leja moja. Bwana Fussell, mkaguzi aliyetumwa kutoka Atlanta, alisimama na mkoba wake mkononi kama mgeni aliyefika harusini siku isiyo yake. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 17 Mei 1999, saa mbili na dakika kumi asubuhi, katika jengo la mahakama la Kaunti ya Wattoosa, kusini mwa Georgia.

"Ni vitabu gani vilivyochukuliwa?" aliuliza Idella Crumpton.

"Vya Mfuko wa Gari la Wagonjwa," alijibu Bi Wynell Cato, karani mkuu wa kaunti. Alikuwa amevaa nguo nyeusi bado, kwa kuwa aliyezikwa Jumamosi, Lucius Tolbert, mweka hazina, alikuwa mwenzake wa kazi miaka kumi na mitano. "Vyote tisa. Tangu mwaka tisini."

Idella aliandika. Alikuwa mpelelezi pekee wa polisi ya Wattoosa, na asubuhi ile alikuwa karibu ndiye polisi pekee. Mkuu wake, Jinks, hakutoka kitandani tangu Jumapili kwa tumbo la kuendesha, na hakuwa peke yake. Nusu ya watu waliokula matanga nyumbani kwa marehemu walikuwa wanakimbizana na choo. Mji mzima ulilaumu ndoo ya kuku wa dukani iliyoletwa na Gaines Lovett, mnunuzi wa magogo.

Fussell alimvuta Idella kando.

"Ijumaa nilipiga simu benki," alisema kwa sauti ya chini. "Mfuko ule unapaswa kuwa na dola laki sita na kumi na mbili elfu. Zimo elfu tatu mia moja na sita."

Idella aliandika tarakimu hizo mbili, moja chini ya nyingine.

"Nikwambie jambo moja, Afisa. Kaunti imekatiwa bima ya wizi. Mkinipa mwizi, pesa zitarudi, hata kama si zote. Baraza linakutana Alhamisi saa kumi na mbili jioni kuamua kama gari lile liendelee au lifungwe. Bila mwizi, sina la kuwaambia."

Hakujua anamwambia nani. Wattoosa ilikuwa na gari moja la wagonjwa. Hospitali ya kaunti ilifungwa mwaka themanini na nane, na ya karibu ilikuwa maili arobaini na saba. Mwezi wa Machi, mzee Otis Crumpton, baba yake Idella, alianguka jikoni akishika kifua, na gari likamfikia baada ya dakika kumi na moja. Daktari alimwambia Idella bila kuzunguka: moyo ule utarudia. Tangu siku ile alikuwa akilala huku anahesabu dakika kumi na moja kama watoto wanavyohesabu kondoo. Sasa alikuwa na siku nne za kutafuta mwizi, na alimtaka mwizi huyo kwa roho yake yote.

Kwanza alianza na funguo. Chumba cha nyaraka kilikuwa na funguo tatu: wa Mwenyekiti wa Baraza, Cornelius Mapp, wa Bi Wynell, na wa marehemu. Lucius alipofariki Jumatano, Jinks alikusanya funguo mbili za kwanza, akazitia katika bahasha, akaisaini juu ya gundi na kuifungia katika kasha la polisi. Idella aliifungua bahasha mbele ya Fussell. Ilikuwa nzima, na funguo zote mbili zilikuwamo.

Ulibaki ufunguo wa tatu.

Saa nne alikuwa jikoni kwa mjane, Bi Eula Tolbert. Juu ya meza na kwenye dirisha vyombo vya watu vilikuwa vimeoshwa na kupinduliwa, kila kimoja kimebandikwa chini kipande cha utepe wenye jina la mwenyewe: E. Mapp. Kina mama wa Kanisa la Mlima Pisga. A. Crumpton. R. Jinks. Idella aliliona bakuli la shangazi yake Alberta na kutabasamu kidogo. Mbele ya mjane palikuwa na rundo la kadi za shukrani na daftari dogo la shule.

"Niwie radhi, mwanangu, mikono yangu imo kazini," alisema Bi Eula. "Kadi zisipoingia posta leo watasema nimekula vya watu nikanyamaza."

"Ufunguo wa Mzee Lucius uko wapi, Mama?"

"Ule pale, nyuma ya mlango, chini ya kofia yake."

Ulikuwepo kweli kwenye msumari, pamoja na ufunguo wa mlango wa nje wa mahakama, zimefungwa kwa kamba ya kiatu.

"Jumamosi ulikuwepo?"

"Jumamosi kabla ya kwenda kanisani niliishika kofia, nikaushika na ufunguo. Nilitaka kushika kila alichokishika." Alifuta macho kwa kiganja. "Tukarudi saa kumi na robo, watu wakajaa humu mpaka kwenye ngazi. Baada ya hapo sijui aliyegusa nini."

"Na wakati mko kanisani?"

"Wynell alikaa na nyumba. Tangu saa saba mpaka tuliporudi."

Wattoosa haiachi nyumba ya msiba peke yake. Watu wakienda kuzika, mmoja hubaki kupokea chakula na kuandika nani kaleta nini. Idella alivuta daftari. Mwandiko wa Bi Wynell ulikuwa umenyooka kama mstari wa mahindi.

*Saa 7:15. E. Mapp, paja la nguruwe la kuokwa. Limeletwa na mumewe.*

*Saa 7:40. Gaines Lovett, kuku wa dukani, ndoo moja.* Neno "dukani" lilipigiwa mstari.

*Saa 9:25. Kina mama wa Mlima Pisga, keki za nazi mbili, sukuma wiki, mkate wa mahindi.*

Ibada ilianza saa nane. Kati ya saa saba na dakika arobaini na saa tisa na dakika ishirini na tano hapakuwa na jina, kwa kuwa kila mwenye miguu alikuwa kanisani. Wanaume wawili walipita katika jiko lile kabla ya ibada, wote wawili wakiwa peke yao na hatua nne kutoka kwenye kofia. Idella aliandika majina yao na kuyapigia mstari.

Mwenyekiti Mapp alihojiwa Jumanne saa tatu asubuhi, ofisini kwake, chini ya picha ya reli ambayo kaunti iliilipia kwa miaka sitini bila hata behewa moja kufika.

"Unaniuliza mimi, Idella? Mimi niliyekubatiza kwa mikono hii?"

"Nakuuliza kwa adabu zote, Mwenyekiti. Ulipitia jikoni?"

"Nilipeleka paja la nguruwe. Ningelipitisha dirishani?"

"Baada ya hapo?"

"Baada ya hapo nilikuwa nimembeba Lucius begani. Waulize watu mia mbili. Waulize na mgongo wangu." Kisha hasira ikamtoka, akabaki mzee tu. "Binti, kama ningejua pesa zile ziko wapi, ningezifuata kwa magoti. Alhamisi ni mimi nitakayeuliza nani anakubali na nani anakataa. Unadhani nalala?"

Lovett alikuja mwenyewe saa sita, akavua kofia yenye nembo ya msumeno, akakaa bila kukaribishwa.

"Nasikia mimi ndiye niliyeharisha kaunti nzima," alisema. "Kuku wale niliwanunua moto, mama. Nami niliwala. Nione nilivyo."

"Jumamosi saa nane na nusu ulikuwa wapi, Bwana Lovett?"

"Mbele ya mahakama, ndani ya gari langu. Nilikuwa nasoma matangazo ya mlangoni ya mashamba yatakayouzwa kwa kodi isiyolipwa. Jumanne ya kwanza ya mwezi ujao ni mnada, nataka kuwa na hesabu zangu kichwani."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Mji ulikuwa kama umefagiwa." Akacheka. "Hata nikashangaa. Kuna bomba la moshi pale juu, si lipo? Lilikuwa linafuka. Mwezi wa Mei! Nikasema, hawa wa kaunti wamezidi, wanapasha jengo joto na mimi natoka jasho mpaka ndani ya soksi."

Idella hakusubiri. Alishuka naye mpaka chini ya jengo, akafungua tanuri la zamani na kuingiza mkono kwenye majivu. Alitoa kipande cha shaba chenye umbo la pembe, kisha kingine. Saa saba na nusu vilikuwa vimetimia thelathini na sita sakafuni. Kila leja ina pembe nne za shaba.

Lovett alikuwa hacheki tena.

"Mimi ndiye niliyekwambia kuhusu moshi," alisema. "Ningekwambia kama ningekuwa mimi?"

"Watu husema mengi wakidhani hatutashuka huku."

"Nichome vitabu vya kaunti kwa lipi? Kodi yangu ya miti nimelipa yote! Risiti zangu hizi hapa, tangu mti wa kwanza." Alizitoa mfukoni, zimekunjwa kwa miaka. Zote zilikuwa za mwandiko ule ulionyooka, mpaka senti ya mwisho.

Hata hivyo, aliupita ufunguo saa saba na dakika arobaini, na saa nane na nusu alikuwa peke yake mbele ya moshi. Fussell alifurahi. Mnunuzi wa magogo na mweka hazina wakigawana, mmoja amekufa, mwingine anachoma vitabu: bima ingeielewa hadithi hiyo. Jinks akiwa kitandani alisema kwa simu, "Mfungie." Idella alimfungia. Kurudi nyumbani alimtazama baba yake akimenya njugu za kuchemsha kibarazani, akajiruhusu kuwaza kwamba gari litabaki.

Jambo moja tu lilimkwaruza. Risiti zile hazikuwa za mtu anayegawana.

Jumatano jioni shangazi Alberta alikuja kwa kaka yake na uso uliojaa. Alikaa, akakataa chai baridi, na Alberta akikataa chai baridi kuna jambo.

"Sema, kabla hujapasuka," alisema mzee Otis.

"Sina la kusema."

"Basi usiseme."

"Kadi zimekuja," Alberta alisema papo hapo. "Posta ya leo. Mapp wamepata. Jinks wamepata. Hata Lovett aliyeko ndani amepata kadi, posta wameiacha kituoni! Mimi sina. Saladi yangu ya viazi, mayai kumi na mawili, mayonezi chupa nzima, na Eula hakuona hata karatasi ya kuniandikia asante."

"Labda ndiyo iliyowaharisha," alisema Otis, akitafuna njugu.

"Otis Crumpton! Saladi yangu! Miaka arobaini nalisha misiba, hajaugua mtu! Niliiweka juu ya barafu, nikaifunika, nikaiweka kwenye meza ya kibarazani palipo na..." Akasita.

Idella alikuwa ameweka chini kikombe chake.

"Kibarazani, Shangazi? Kwa nini hukuiingiza ndani?"

"Ningeiingizaje? Niligonga mpaka vidole vikauma. Wynell hakufungua. Nikasema yuko chooni, haya, mtu mzima ana haki yake. Mimi nilikuwa nachelewa kwaya."

"Saa ngapi?"

"Saa nane kasoro dakika kumi. Tulitakiwa kuwa tumevaa majoho saa nane kamili."

Mzee Otis aliacha kumenya. Idella alikuwa anaona jua la Mei likitembea juu ya meza ile, barafu ikiyeyuka, saa nzima, zaidi ya saa nzima.

"Idella," alisema baba yake taratibu, "huyo mwanamke ndiye aliyekuandikia barua ya kukuombea chuo."

"Najua, Baba."

"Nami nimesema tu."

Alhamisi saa nne asubuhi, katika ukumbi wa Baraza, Idella aliweka juu ya meza vitu vitatu: daftari la misiba, ufunguo wenye kamba ya kiatu, na bakuli la kioo. Mapp alikaa mwisho wa meza, Fussell na mkoba wake pembeni, Lovett karibu na mlango kwa pingu zilizolegea. Bi Wynell alikaa wima, mikono juu ya mkoba wake mdogo, kama alivyokaa katika kila kikao cha Baraza akiandika wanachosema wengine.

"Aliyechoma vitabu aliuchukua ufunguo huu nyumbani kwa marehemu baada ya saa saba Jumamosi," Idella alianza. "Moshi ulionekana saa nane na nusu. Mwenyekiti alikuwa amebeba jeneza. Bwana Lovett alikuwa mbele ya mahakama, na tukamshika kwa sababu tulidhani jiko la Bi Eula lilikuwa na mlinzi wakati wote, kwa hiyo mwizi lazima awe mmoja wa walioandikwa humu."

Alipindua bakuli. Utepe ulisomeka: *A. Crumpton.*

"Bakuli hili lilikuwa jikoni kwa Bi Eula. Jumatatu nililiona kwa macho yangu na nikatabasamu. Ndani ya daftari halimo. Shangazi yangu aligonga mlango nalo saa nane kasoro dakika kumi, na hakuna aliyefungua. Likakaa juani. Halafu mtu akarudi, akalikuta, akalitia kwenye friji, na jioni watu wakalila wakaugua." Alimgeukia. "Bi Wynell, hujaacha kuandika sahani hata moja katika msiba wowote wa kaunti hii. Ulikuwa wapi?"

Bi Wynell alivua miwani, akaikunja.

"Nilitoka saa nane kasoro robo," alisema. "Nikapita mlango wa nyuma. Nikarudi saa tisa na robo."

"Wynell," alisema Mapp, "nyamaza. Tutakutafutia wakili."

"Sitaki wakili, Cornelius. Mtoe huyo bwana pingu. Hana kosa ila kuku wake."

Idella alimfungua Lovett. Lovett alisugua mikono, lakini hakutoka.

"Kwa nini hukuliandika tu bakuli?" aliuliza Idella. Lilikuwa swali la kipumbavu, lakini ndilo lililomnyima usingizi. "Ungeandika saa nane. Nisingejua kamwe."

"Sikujua lilikuja saa ngapi." Bi Wynell alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Siwezi kuandika saa nisiyoijua, mwanangu."

Fussell aliinama mbele. "Mama, pesa ziko wapi?"

"Hazipo."

"Mlizipeleka wapi wewe na Tolbert?"

"Unataka kwa mwaka au kwa mwezi?" Bila kusubiri jibu akaanza, macho ukutani, kama anayesoma. "Desemba tisini, elfu ishirini na nane, mishahara ya walimu, kiwanda cha pajama kilipohamia ng'ambo na kodi yake. Februari tisini na mbili, elfu kumi na tisa, daraja la kijito cha Hatchet, basi la shule lisije likaanguka. Tisini na nne, mafuriko, elfu sabini na moja, serikali kuu ikaahidi kuturudishia, haijarudisha. Tisini na tano, elfu arobaini, ardhi ya gereza tuliloahidiwa. Gereza likaenda kaunti ya pili, ardhi tukabaki nayo, ina mbigili. Desemba tisini na sita, elfu thelathini na tatu, polisi." Alimgeukia Idella. "Ulikuwa umeanza kazi mwaka ule, Idella. Mshahara wako wa Krismasi ulitoka mle."

Idella alikumbuka mshahara ule. Alimnunulia baba yake koti.

"Lucius alikuwa anasema tunaazima," Bi Wynell aliendelea. "Mwakani miti itakatwa, tutarudisha. Lakini misitu ni ya watu wa mbali, na sheria inawaruhusu walipe kama wanaolima mboga. Huyu Lovett ndiye peke yake anayelipa, na analipa kwa sababu namfuata. Nisingemfuata?"

"Ungenifuata mpaka kanisani," alisema Lovett kwa sauti ndogo.

"Hakuna aliyekula senti. Andika hilo, Bwana Fussell."

"Kama ni hivyo," alisema Fussell, "vitabu vingewatetea. Kwa nini uvichome?"

Hapo ndipo uso wa Bi Wynell ulipovunjika, taratibu, kutoka mdomoni kwenda juu.

"Kwa sababu vilikuwa vya kweli. Kila kitu nilikiandika kama kilivyokuwa. Niliingia jengo hili mwaka sitini na nane kufagia. Sabini na tatu wakanipa mashine ya kuandika kwa kuwa hakimu aliwalazimisha waajiri weusi. Themanini na nne tukashinda viti vyote vitano vya Baraza, mama yangu akavaa kofia nyeupe kuja kuniona nimekaa kwenye kiti hiki. Unajua siku ile tulikuta nini hazinani? Deni la reli limekwisha juzi, na paa linalovuja. Waliokula faida ya pamba walikuwa wamekwisha kula. Halafu leo mkaguzi afungue rafu ya nne, na gazeti liandike: walipewa kaunti, wakamaliza pesa za wagonjwa. Lucius hajakaa hata wiki kaburini." Akapangusa macho kwa mkono wa gauni. "Nilidhani bila vitabu mtakwama miezi mitatu. Miezi mitatu gari lingeendelea kutembea. Sikuwa na mpango mwingine. Mimi ni karani tu."

Idella aligeuka kwa Fussell. "Bima," alisema. "Bado inaweza..."

"Bima inalipa wizi, Afisa." Fussell alifunga mkoba wake kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Umenithibitishia kwamba hakuna aliyeiba."

Idella alisimama katikati ya ukumbi. Alikuwa amefumbua kila fundo, moja baada ya jingine, na mwisho wa kamba hapakuwa na kitu. Alimshika Bi Wynell kiwiko, na wakashuka ngazi pamoja, hatua kwa hatua, kwa sababu magoti ya mama yule hayakuwa mazuri.

"Umefanya kazi safi," alisema Bi Wynell walipofika chini. "Nilimwambia Lucius wewe utakuwa hodari."

"Usiniambie hivyo, Bi Wynell. Nakuomba."

Saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni ile Mwenyekiti Mapp aliuliza nani anakubali na nani anakataa. Wanne walikubali kulifunga gari. Mapp peke yake alikataa, kisha akasoma matokeo mwenyewe. Kaunti jirani ingelinunua kwa dola elfu kumi na nne.

Jumamosi wahudumu wawili walikuwa wakifungasha mashuka na mitungi ya hewa kwenye kituo chao, banda la bati karibu na soko la mbegu. Saa saba mchana Alberta alifika na saladi ya viazi juu ya barafu, akaiweka kivulini, akatazama kila mtu kwa zamu akisubiri mtu aseme neno. Nyuma yake wakaja wake wa Mapp na Jinks, kisha kina mama wa Mlima Pisga na keki zao. Lovett alileta mbavu alizochoma mwenyewe, akasema kwa sauti kubwa kwamba hazikutoka dukani. Hakuna aliyewaita. Waliona tu gari linaondoka, wakafanya wanachofanya mtu akiondoka.

Mzee Otis aliketi kwenye kiti cha kukunja, amevaa koti lake licha ya joto, akiwaambia wahudumu njia ya mkato ya kufika hospitali wasiyoijua, maili arobaini na nne badala ya arobaini na saba. Mmoja wao alikuwa anaichora nyuma ya boksi. "Mchoree na binti yangu," mzee alisema. "Yeye ndiye atakayeendesha."

Bi Eula alimpa Idella daftari la shule. "Mwenye kazi hii yuko nyumbani anasubiri kesi," alisema. "Andika wewe. Uandike vizuri."

Idella aliandika. Saa 7:05. Saa 7:20. Saa 7:50. Mwandiko wake ulikwenda kombo, akaanza upya.

Saa nane na dakika kumi mazungumzo yalikatika. Bi Wynell alikuwa akija kwa miguu kutoka barabara ya mahakama, polepole, na pai mikononi, imefunikwa kwa kitambaa cheupe. Watu walimpisha bila kumtazama wala kutomtazama. Alifika mpaka mezani, akaiweka mbele ya Idella na kusimama, kama anayesubiri kuambiwa aichukue arudi nayo.

Idella aliinua sahani. Chini palikuwa na utepe mpya, na jina kwa ule mwandiko ulionyooka. Alitazama saa yake. Alitazama mara ya pili, kuhakikisha.

*Saa 8:10,* aliandika. *Wynell Cato. Pai ya viazi vitamu, moja. Ameileta mwenyewe.*